Tulivyoijaribu Dawa ya Tyubu kwa Punje za Mahindi

Ninyi mnaovaa sare nyeupe sasa, mnaopita hapa Mkomaindo asubuhi mkiwahi zamu hospitalini, huwa mnaniamkia shikamoo, naitikia marahaba, mnakwenda zenu. Wiki iliyopita mmoja wenu hakupita. Aliketi barazani kwangu akaniuliza, "Mama Tumaini, ninyi mlijuaje dawa ipi inafaa na ipi haifai?" Nikamwambia tulijua kama wanavyojua watu wote: mtu kaitumia, kapona, basi inafaa. Na kwa kujua hivyo tulijidanganya mara nyingi. Akataka kusikia tulijidanganyaje. Nilimsimulia mpaka chai yake ikapoa, na kwa kuwa mlio wengi mna haraka kuliko yeye, nimeona bora niandike.

Kazi yangu ilikuwa vidonda. Nilisomea uuguzi, nikazalisha, nikachanja watoto, lakini miaka mingi zaidi niliyofanya kazi juu ya uwanda, upande wa Newala, nilikuwa chumba cha vidonda cha kituo cha afya. Watu wa kule wanalima mikorosho na mihogo, na panga halichagui mguu. Mtu anajikata kidogo tu wakati wa palizi, hajali, anapaka majivu au majani, anaendelea na kazi. Baada ya muda mguu una shimo linalonuka, na nzi wanajua njia. Anapofika kwetu amebebwa kwenye baiskeli, na ndugu zake wanageuza nyuso pembeni.

Ninyi mna bandeji za kutupa. Sisi tulizifua, tukazichemsha, tukazianika juani, tukazipiga pasi ya mkaa. Siku moja mbuzi wa jirani aliingia uani akala bandeji tatu akiwa ametulia vizuri kabisa, kama anayetafuna majani ya muhogo. Mwenye mbuzi alikuja kulalamika kwamba tumemwekea mnyama wake sumu. Mbuzi aliishi. Nakumbuka zaidi jinsi tulivyozisikitikia zile bandeji.

Jambo la kwanza nililofundishwa na nataka mlishike: bandeji iliyoganda usiivute. Ilowekeni maji ya uvuguvugu, mkae na mgonjwa, mzungumze naye habari za shamba, mpaka itoke yenyewe. Ukiivuta unatoka na nyama changa iliyokuwa inaota, na kazi ya wiki nzima umeiharibu kwa dakika moja. Mama Hadija, muuguzi mwenzangu, ndiye aliyenifunza. Alikuwa mkubwa kwangu, mnene, mwenye sauti ya chini, na wagonjwa walimpenda kwa sababu aliwahurumia kwa dhati. Huruma yake nitairudia, maana ilitupa shida.

Kulowesha bandeji kunahitaji maji, na ninyi mliozaliwa mabomba yakiwa yamefika huenda hamjui maji kule juu yalikuwa nini. Masika tulikinga kwenye mabati. Kiangazi pampu zikigoma wanawake waliteremka bondeni kabla hakujakucha na kupanda na ndoo kichwani. Mtu akikuletea ndoo moja ya kuoshea kidonda cha mwanawe, amekuletea nusu ya siku yake.

Basi, ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa watu binafsi. Kabla yake duka lilikuwa la ushirika, dawa ilikuwa ya serikali, na kote kuwili mara nyingi rafu zilikuwa tupu. Halafu mambo yakafunguka. Mitumba ikaja, redio zikaja, wanunuzi wa korosho wakaanza kugombania mizigo Tandahimba, na mjini Newala likafunguliwa duka la dawa la mtu binafsi. Mwenye duka tutamwita Bwana Selemani. Alikuwa mtu safi, mcha Mungu, aliyekuwa akifunga duka kila adhana. Nasema hivyo mapema ili msije mkamtafutia ubaya katika habari hii. Hakuwa nao.

Bwana Selemani aliuza dawa ya kupaka iliyokuja kwenye tyubu ndefu, nyeupe ndani kama siagi. Jina lake halisi lilikuwa refu, kwa hiyo watu waliiita dawa ya tyubu. Ilikuwa ghali. Lakini ilisemekana inaponya vidonda kama mchezo, na mimi kwa macho yangu niliwaona waliopona. Mwalimu wa shule ya msingi, mguu umefunga kwa muda mfupi. Mke wa mnunuzi wa korosho, vivyo hivyo. Wakati huohuo sisi kituoni tulikuwa na maji ya chumvi yaliyochemshwa, bandeji za kufua, na sindano za penisilini zikipatikana, na wagonjwa wetu wengine walikaa vitandani mpaka tukawazoea kama ndugu.

Watu wakaanza kuuliza kwa nini serikali haileti tyubu. Wengine waliuza mbuzi ili wakanunue. Mwanamke mmoja wa kijiji cha Mnyambe alikodisha mikorosho yake ya msimu mzima kwa ajili ya mguu wa mumewe. Hapo ndipo Daktari Ambrosi alipoanza kukosa raha.

Daktari Ambrosi aliletwa wilayani na mradi mmoja wa utafiti, kijana wa huku huku kusini, mrefu, mwenye mazoea ya kuuliza swali halafu akakaa kimya mpaka uone haya ya kutojibu. Yeye mwenyewe aliiamini tyubu. Aliwahi kuitumia mahali pengine na aliiona ikifanya kazi. Lakini siku moja tukiwa tunakunja bandeji alituuliza, "Wanaonunua tyubu ni akina nani?"

Mama Hadija akasema, "Wenye uwezo."

"Wenye uwezo wanakula nini?"

"Wanakula vizuri. Samaki, maharage."

"Wanavaa nini miguuni?"

"Viatu."

"Mguu ukiuma wanakwenda shamba?"

"Wana vibarua wa kwenda."

Akakaa kimya. Mimi ndiye niliyeona haya kwanza. Nikasema, "Kwa hiyo daktari, huenda wangepona hata bila tyubu."

"Huenda," akasema. "Na huenda tyubu ni nzuri kweli. Hatujui. Tukitazama waliopona tu, hatuwezi kujua kilichowaponya ni tyubu au ni samaki na viatu."

Nilikuwa nimefanya kazi ile miaka mingi, na sikuwahi kulifikiria jambo hilo. Nilimtazama yule mwalimu na kuona tyubu. Sikuona kwamba mwalimu alikuja mapema kidonda kikiwa kama sarafu, wakati mkulima wa Mnyambe alikuja kikiwa kama kiganja.

Mradi ukakubali kuleta tyubu za kutosha ili tuzijaribu pale kituoni bila mgonjwa kulipa chochote. Wagonjwa wote wangeoshwa, wote wangepata sindano, wote wangekula chakula kimoja. Tofauti ingekuwa moja tu: wengine tungewapaka tyubu chini ya bandeji, wengine tungewafunga bandeji iliyolowekwa maji ya chumvi kama zamani. Kisha tungelinganisha.

Mwanzoni tuligawa kwa siku. Wanaoandikishwa Jumatatu na Alhamisi, tyubu. Jumanne na Ijumaa, maji ya chumvi. Ilionekana haki na rahisi, na Daktari Ambrosi mwenyewe aliipitisha, ingawa baadaye alikuwa wa kwanza kujicheka.

Mnadhani habari ilichukua muda gani kufika vijijini? Haukupita mwezi, benchi letu la Alhamisi likawa limejaa mpaka watu wanakaa chini, na la Ijumaa likawa na mtu mmoja au wawili, nao ni wale waliotoka mbali sana hawajasikia. Waliokuja Alhamisi walikuwa wenye baiskeli, wenye jamaa mjini wa kuwapa habari. Hivyo wale wenye viatu na samaki wakajikusanya tena upande wa tyubu.

Kulikuwa na jambo jingine. Alhamisi hizo pia tulipata vidonda vibaya kuliko vyote. Daktari alisimama mlangoni akaliangalia benchi, akaniuliza, "Mama Tumaini, kwa nini wenye hali mbaya wote wanaumwa Alhamisi?" Mama Hadija akaweka chini beseni lake.

"Ni mimi," alisema. "Akija mtu Jumanne mguu unamtisha, nampa kitanda, namwambia asiandikishwe leo, asubiri Alhamisi. Daktari, mimi siwezi kumwangalia mtu anaoza nikampa chumvi na dawa ipo kabatini."

Daktari hakumkaripia. Alivuta kigoda akaketi mbele yake. "Mama, unajua kwa hakika kwamba tyubu ni bora?"

"Kila mtu anajua."

"Mimi nami nadhani hivyo. Lakini sasa tazama. Upande wa tyubu tuna wenye uwezo, ambao wangepona upesi kwa vyovyote. Na tuna wenye hali mbaya sana, ambao watachelewa kwa vyovyote. Tyubu ikishinda, sitajua ni tyubu au ni uwezo wao. Ikishindwa, sitajua ni tyubu au ni ubaya wa vidonda. Hawa watu wote wamekubali kutusaidia, na tutawaaga bila kujua lolote."

Ile kazi ya miezi ikatupwa. Wagonjwa waliendelea kutibiwa mpaka wakapona, lakini matokeo yao hayakuhesabiwa. Mama Hadija alihuzunika sana. Alisema alitaka kumsaidia kila mmoja na kumbe amewazuia wote.

Njia mpya ilikuwa hivi. Daktari Ambrosi alikwenda sokoni, akanunua mahindi meupe na mahindi ya njano, akakaa mchana mzima akichagua punje zilizolingana ukubwa, mpaka ukizishika umefumba macho huwezi kuzitofautisha. Akatia idadi sawa kwenye mfuko wa kaniki aliouagiza kwa fundi cherehani. Mgonjwa kwanza anaelezwa yote, anakubali au anakataa, na akikataa anatibiwa kama kawaida. Akikubali, anaandikishwa. Hapo tu ndipo anaingiza mkono na kuchota punje moja. Nyeupe, tyubu. Njano, maji ya chumvi. Punje inarudishwa, mfuko unatikiswa, anakuja mwingine. Mtu akizidiwa wakati wowote, mahindi yanasahauliwa na daktari anafanya kila awezalo.

Shikeni utaratibu huo, maana ndio kiini cha habari yote. Kukubali kwanza, kuchota baadaye. Mimi sijui atachota nini, mgonjwa hajui, daktari hajui. Kwa hiyo hakuna awezaye kumsogeza huku au kule, kwa tamaa wala kwa huruma. Na watu wakiwa wengi, mahindi hayajui nani ana viatu. Wenye viatu wanaangukia pande zote mbili karibu sawa, na wazee, na wenye vidonda vikubwa, na wasiotulia kitandani, hata na tofauti zile ambazo sisi hatukuzifikiria kabisa. Daktari alilisisitiza hilo la mwisho. Alisema, "Viatu nimeviona. Kinachonitisha ni kile nisichokiona."

Mnadhani watu walikubali? Walitusema vibaya. Ikaenea kwamba kituoni watu wanapigiwa ramli. Ijumaa moja akaja Mzee Nachunga wa Mnyambe, mtu mzima mwenye heshima zake, mkulima hodari wa korosho na mshika dini. Alikuwa amekuja na mpwa wake, Mama Somoe, pamoja na Somoe mwenyewe, binti wa umri wa kuanza shule, mgongoni mwa mama yake. Mguu wa mtoto ulikuwa umefungwa kanga, na harufu ilifika kabla yao. Kwa Wamakonde neno la mjomba ni zito, kwa hiyo Mama Somoe alikaa kimya akamwacha mzee aseme.

Tulimwamkia, akaitikia. Daktari akamweleza jambo zima, taratibu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Daktari," alisema, "mimi kamari sichezi. Na mguu wa mjukuu wangu ndiyo niuchezee?"

"Si kamari, mzee. Wote watatibiwa."

"Wewe ni msomi. Nimekuletea mtoto. Mchagulie wewe iliyo bora."

"Ningeijua ningemchagulia."

Mzee alikunja uso. Nilidhani atanyanyuka. Daktari akamuuliza, "Mzee, mikorosho yako ilipoingiwa na ule ugonjwa wa unga, ulipiga salfa?"

"Nilipiga."

"Ulipiga mikorosho yote?"

"Salfa ilikuwa haba. Nilipiga ile ya bondeni, yenye afya. Ile ya juu ilikuwa imechoka."

"Ikawaje?"

"Ya bondeni ikazaa."

"Kwa sababu ya salfa?"

Mama Hadija alijifanya anapanga mikasi. Baadaye mzee akasema polepole, "Ya bondeni huzaa kila mwaka." Halafu akaongeza, "Wale mabwana shamba walipokuja na mabomba yao, walipiga kura ni miti ipi wapige na ipi waache. Niliwacheka. Nilisema watu hawa hawajui hata kuchagua mkorosho mzuri."

"Walikwepa kuchagua," alisema Daktari Ambrosi.

Mzee aliuangalia mfuko wa kaniki uliokuwa mezani. Kisha akamgeukia mpwa wake akamuuliza kwa Kimakonde kama anakubali. Mama Somoe akajibu kwa Kiswahili ili nasi tusikie: "Nakubali. Lakini naomba Mungu ampe ya tyubu."

Somoe aliingiza mkono wake. Ulikuwa mdogo kiasi kwamba uliingia mpaka kiwiko. Akatoa punje ya njano.

Mama Somoe alimfunika mtoto kanga vizuri, ingawa alikuwa amefunikwa vizuri tayari. Mzee akatoka nje. Nilimpeleka Somoe chumba cha vidonda, nikalowesha ile kanga, na ilipoachia nikaona mfupa wa ugoko ukichungulia. Kabati la tyubu lilikuwa mkono wangu wa kulia, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Mama yake alikuwa ananitazama mikono. Nilitia mkono mfukoni, nikaushika ufunguo.

Mama Hadija alinishika bega. "Acha," alisema kwa sauti yake ile ya chini. "Mimi nilikwishafanya hivyo. Nilidhani nawaponya, na mpaka leo hatujui nilifanya nini. Mwoshe vizuri. Mwoshe kuliko ulivyowahi kumwosha mtu."

Nikauacha ufunguo. Nikamwosha.

Kitanda cha jirani na Somoe kililaliwa na kijana wa Tandahimba aliyejikata mguu akisafisha shamba. Alikuwa amechota nyeupe. Nataka mjue ilivyokuwa, maana kama ningependa kuwadanganya ningeruka hapa. Yule kijana alipona haraka ajabu. Kidonda kilijaa nyama nyekundu nzuri, ngozi ikaanza kutambaa kutoka kingoni, na muda si mrefu alikuwa anatembea uani akitania wapishi. Somoe alikuwa bado amelala. Kidonda chake hakikuharibika, ila kilikwenda pole mno. Daktari alimtazama kila alipopita. Alisema hakuna hatari, nyama inaota, mfupa unafunikwa, tuvumilie.

Mama Somoe aliviona vitanda viwili vile kila alipofungua macho. Hakunilaumu. Angenilaumu ingekuwa nafuu. Aliteremka bondeni kuchota maji zamu za kiangazi pamoja na mama wengine waliouguza, akaniletea ndoo, akasema, "Maji haya hapa mama," basi. Wodi nzima ilikuwa imekwisha kuamua kwamba tyubu imeshinda. Wapishi waliamua, mlinzi aliamua. Na mimi, kama mngeniuliza usiku nikiwa peke yangu, ningewaambia vivyo hivyo.

Vidonda vilipimwa na muuguzi aliyetoka Masasi, ambaye hakuambiwa nani amechota nini. Tulikuwa tunafungua bandeji na kuosha kila kitu kabla hajaingia. Yeye aliweka juu ya kidonda kipande cha filamu ya eksrei iliyooshwa ikawa angavu, akachora ukingo wake kwa kalamu, akaondoka. Nilimuuliza mara moja anaonaje. Akasema, "Naona vidonda." Nilimpenda kwa jibu hilo.

Ilichukua zaidi ya msimu mmoja wa korosho mpaka tukapata wagonjwa wa kutosha. Somoe alikuwa amekwisha kurudi Mnyambe kwa miguu yake, na kovu kubwa kwenye ugoko, wakati Daktari Ambrosi alipotuita chumbani kwake. Michoro ilikuwa imepimwa yote, pande zote mbili. Mama Hadija alikaa ukingoni mwa kiti.

"Tyubu haikushinda," daktari alisema.

Tukamtazama.

"Wamepona sawasawa. Kuna tofauti ndogo, na hiyo ndogo iko upande wa maji ya chumvi. Lakini ni ndogo mno, inaweza kuwa bahati tu, kwa hiyo tusiitangaze."

"Na yule kijana wa Tandahimba?" niliuliza. "Na Somoe?"

"Yule kijana ni mmoja. Upande wa njano wapo waliopona haraka kama yeye, ulikuwa unawafunga bandeji wewe mwenyewe. Upande wa nyeupe wapo waliochelewa kama Somoe. Wewe ulivikumbuka vitanda viwili kwa sababu vilikuwa jirani."

Kisha akacheka, cheko la mtu aliyetua mzigo. Alisema alikuwa na hakika tyubu ingeshinda, na alikuwa amekwisha kupanga maneno ya kuiomba wilaya inunue. "Ningeinunua," alisema. "Ningekula bajeti ya sindano na sabuni, na ningejiona mtu mwema."

Mama Hadija alifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwani. Sikujua kama analia au anacheka, na nadhani yalikuwa yote mawili.

Bwana Selemani wa duka la dawa alikuja mwenyewe kuuliza, maana maneno yalimfikia. Daktari alimweleza kila kitu kama alivyomweleza Mzee Nachunga. Alisikiliza, akasema, "Lakini mimi niliwaona wanapona." Daktari akamjibu kwamba kweli walipona, na hakuna aliyesema uongo. Bwana Selemani aliondoka akiwa na mawazo. Tyubu hakuziacha kabisa, mtu akizitaka alimuuzia, lakini siku moja nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia mkulima aliyefungua pindo la nguo kutoa pesa, "Baba, nunua sabuni na bandeji, nenda kituoni mapema. Pesa itakayobaki utanunulia mbegu." Wifi yangu, niliyemwita mke wangu kwa utani na niliyekuwa naye dukani, alinikonyeza. Tulitoka tukiwa na furaha ambayo hatukuwa na namna ya kumwonyesha.

Baadaye nilishiriki majaribio mengine, ya dawa za homa na za kuhara. Safari nyingine dawa mpya ilishinda wazi, na tukaifurahia bila wasiwasi kwa sababu ilikuwa imeshinda kwa haki. Miaka ikaenda, bahasha zilizofungwa zikachukua nafasi ya mfuko, na sasa mnaniambia kompyuta ndiyo inachota. Sawa. Kompyuta haina huruma, na katika kuchota hilo ni jema. Huruma iwekeni kwenye kuosha, kwenye kulowesha bandeji, kwenye kumweleza mtu ukweli kabla hajaingiza mkono. Na mtu akija na habari kwamba shangazi yake ametumia kitu fulani akapona, msimcheke. Mwulizeni shangazi anakula nini.

Mara ya mwisho nilipomwona Mama Somoe ilikuwa mnadani Newala. Alikuwa anauza mihogo mikavu, na Somoe alikuwa amekwenda kununua chumvi, binti mkubwa sasa, anatembea kama mtu asiye na habari ya mguu wake. Nilikaa naye juu ya gunia lake tukazungumza. Nilimweleza matokeo yalivyokuwa, maana aliyasikia juu juu tu kwa mjomba wake. Alifurahi kwamba mtoto hakukosa kitu. Halafu akaanza kupanga mihogo upya.

"Mama Tumaini," alisema, "nikuulize. Angekuwa Tumaini wako, mguu ule, siku ile. Ungemwacha achote?"

Nilifikiri kabla ya kumjibu, kwa sababu alistahili jibu la kweli.

"Ningemwacha," nilisema. "Lakini ningetetemeka."

Alisogea kwenye gunia, akanipa nafasi nikae vizuri.

"Mimi nilidhani nilitetemeka peke yangu," akasema.